Maisha ya Dk. Eduardo Mondlane: Mtu Anapata Nini Akienda Chuo?



Kila tarehe 20 Juni tunaadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani. Siku hii ilianza kuadhimishwa dunia nzima mwaka 2001 kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo ilikuwa ni Siku ya Wakimbizi wa Afrika. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1920, alizaliwa Eduardo Chivambo Mondlane, mwana wa Msumbiji aliyeishi uhamishoni hapa Tanzania na kufia hapahapa. Kwa sababu hiyo Kamati imeona vema kueleza maisha yake katika toleo hili la kumbukumbu.

Wengi wanamjua Mondlane kama mpigania uhuru. Sisi tumechagua kumtazama kama mwanafunzi, kwa ajili ya swali moja ambalo wazazi na vijana waliomaliza sekondari wamekuwa wakiliuliza mara kwa mara. Mtoto akipata ufadhili, akakaa chuoni miaka mitatu au minne, kisha akarudi na shahada yake kambini ambako kazi ya kuajiriwa ni ya kubahatisha, yeye mwenyewe amefaidika nini? Swali hili ni la haki. Mzazi anayelisha watoto kwa mgao ana sababu ya kuliuliza. Hatutaki kulijibu kwa maneno ya kutia moyo tu. Tutafuata hatua za mtu mmoja, tuone chuo kilimpa nini na kilimgharimu nini.

UTOTO WAKE

Mondlane alizaliwa Manjacaze, katika eneo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga, lakini alifariki Eduardo akiwa bado mdogo. Mtoto huyo alichunga mifugo mpaka akakaribia miaka 12. Mama yake ndiye aliyesisitiza kwamba lazima asome.

Wakati huo Msumbiji ilikuwa koloni la Wareno. Sheria iliwagawa watu katika mafungu mawili. Mwafrika aliyejua Kireno, akaacha desturi za kwao na kukubaliwa na serikali, alihesabiwa kuwa raia, na hao walikuwa wachache mno. Wengine wote walikuwa wenyeji wasio na haki, waliopelekwa kazi za kulazimishwa na kulimishwa pamba kwa amri. Wanaume wengi wa kusini walikwenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini. Shule za Waafrika ziliachiwa zaidi misheni, na wengi waliosoma huko waliishia madarasa ya chini.

Mondlane alisoma katika shule ya misheni ya Wapresbiteri wa Uswisi. Alipomaliza hakuwa na pa kuendelea katika nchi yake. Alijifunza kilimo katika misheni ya Wamethodisti ya Cambine, akawafundisha wanakijiji kulima penye mvua chache. Akiwa tayari amepita miaka 20 ndipo alipopata nafasi ya sekondari nchini Afrika Kusini, katika shule ya Lemana huko Transvaal. Mwaka 1946 kilitoka kitabu kwa Kifaransa kuhusu utoto wa kijana wa Kitsonga, alichokitayarisha pamoja na mmisionari wa Uswisi, André-Daniel Clerc. Hivyo alikuwa mtunzi kabla ya kufika chuo kikuu.

Tunaomba vijana waliopoteza miaka njiani waiangalie vizuri hesabu hii. Umri ambao wengi hapa kambini hujiona wamechelewa ndio umri ambao Mondlane alikuwa bado katika madawati ya sekondari.

KUFUKUZWA JOHANNESBURG

Kutoka Lemana alikwenda Johannesburg katika Shule ya Ustawi wa Jamii ya Jan Hofmeyr, na mwaka 1948 akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka huohuo chama kilicholeta siasa ya ubaguzi wa apartheid kilishinda uchaguzi nchini humo. Mwaka 1949 serikali mpya ilikataa kumwongezea Mondlane kibali cha kukaa. Wanafunzi wenzake, wakiwemo Wazungu, walipinga uamuzi huo bila mafanikio, naye akarudi Msumbiji bila cheti chochote cha chuo hicho. Nyumbani Wareno walimkamata na kumhoji.

Mtu angesema mwaka ule ulikuwa wa hasara. Lakini tuangalie kilichofuata. Mwaka huohuo wa 1949 alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari nchini Msumbiji, ulioitwa NESAM kwa kifupi cha Kireno. Katika umoja huo walipitia vijana waliokuja kuongoza taifa, mmojawapo Joaquim Chissano, aliyekuwa Rais wa Msumbiji kuanzia mwaka 1986 hadi 2005. Chuoni Mondlane alikuwa ameishi kati ya vijana waliojua kuitisha mkutano, kuandika madai na kusimama pamoja. Cheti hakuja nacho. Njia ya kufanya kazi pamoja na wenzake alikuja nayo.

Wako miongoni mwetu waliokuwa mwaka wa pili au wa tatu wa chuo vita vilipowakuta, na leo wanaona aibu kusema waliwahi kusoma. Tunasema kwamba masomo yaliyokatizwa hayajafutika.

LISBON

Mwaka 1950 Mondlane alipelekwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Huko alikutana na vijana kutoka makoloni mengine ya Wareno. Walikuwepo Agostinho Neto wa Angola, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi yake, na Amílcar Cabral, aliyeongoza mapambano ya Guinea-Bissau na Cape Verde. Alikuwepo pia Mmsumbiji mwenzake, Marcelino dos Santos.

Kila mmoja alitoka na habari za kwao. Mwenye kulimishwa pamba alimkuta mwenye kulimishwa kahawa, na aliyeonewa na ofisa wa wilaya yake alimkuta aliyeonewa vilevile na ofisa wa nchi nyingine. Hapo mtu anaona kwamba balaa analolidhania ni la kijiji chake lina utaratibu mmoja na mwenye kulipanga ni mmoja. Sisi tunaoishi hapa na watu wa makabila na nchi mbalimbali, wenye vidonda vinavyofanana, tunaelewa thamani ya kugundua jambo hilo.

Polisi wa usalama wa Ureno walimfuatafuata Mondlane na kumsumbua. Aliomba kuhamishiwa Marekani, na shirika la Phelps-Stokes la New York likamsaidia.

MAREKANI

Mwaka 1951 aliingia Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio akiwa na miaka 31. Oberlin ni chuo kidogo, lakini kina historia kubwa, kwani kilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1835, wakati utumwa ulikuwa bado halali Marekani. Mondlane alipokelewa mwaka wa tatu, akasoma elimu ya jamii na ya mila za watu, na mwaka 1953 akapata shahada ya kwanza. Alikuwa na miaka 33. Kijana aliyesoma bila kukwama huipata akiwa na miaka 22 au 23.

Aliendelea katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, penye idara iliyojulikana kwa masomo ya Afrika chini ya Profesa Melville Herskovits. Alipata shahada ya pili, akafanya utafiti kwa muda katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1960 akatunukiwa shahada ya udaktari ya Northwestern. Mchungaji wa mifugo wa Manjacaze sasa aliitwa Dakta.

ALICHOPATA YEYE MWENYEWE

Tumefika kwenye swali la wazazi. Tukiweka kando cheo na mshahara, tunayaona mambo manne ambayo chuo kilimpa Mondlane.

La kwanza ni kuelewa shida yake mwenyewe. Mtoto wa Gaza aliijua kazi ya kulazimishwa kwa macho. Chuoni alijifunza kuipima, yaani kutafuta takwimu, kusoma sheria, kulinganisha nchi na nchi, na kutenganisha chuki na ushahidi. Kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji, kilichotoka mwaka 1969, kinaeleza shule, kodi, pamba na migodi kwa mpangilio wa mtafiti. Mtu aliyeumizwa akiweza kueleza alivyoumizwa kwa utaratibu, huwa mzito kupuuzwa. Wafanyakazi wa mashirika wanaotusikiliza kila siku ni mashahidi wa jambo hili.

La pili ni lugha. Alizaliwa katika Kitsonga, akasoma kwa Kireno, akajifunza Kiingereza na kukitumia Marekani. Kila lugha ilimfungulia watu wapya, na hakuiacha ya nyumbani.

La tatu ni watu. Wakati wa Oberlin alifahamiana na Janet Rae Johnson, msichana Mmarekani wa kizungu, wakaoana mwaka 1956, nyakati ambazo ndoa kama hiyo ilikuwa bado imekatazwa na sheria za majimbo mengi ya Marekani. Alifahamiana pia na Mchungaji Edward Hawley wa Oberlin. Miaka ilipopita Mchungaji huyo alikuja Dar es Salaam kuwahudumia wakimbizi, na ndiye aliyehubiri siku ya mazishi ya Mondlane. Urafiki wa chuo ulivuka bahari na kudumu hadi kaburini.

La nne ni kujiamini mbele ya wakubwa. Mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa huko New York katika idara ya nchi za udhamini, ambako habari za Tanganyika na Kamerun zilikuwa zikishughulikiwa. Katika kazi hiyo alifahamiana na Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa maofisa waliosimamia kura ya maoni ya Kamerun, kisha akatembelea Msumbiji. Serikali iliyokuwa imemkamata miaka 12 kabla ilibidi imwache apite, kwa kuwa alikuwa ofisa wa Umoja wa Mataifa. Watu walimiminika kumwona na kumweleza shida zao.

Mambo hayo manne hayaandikwi kwenye cheti. Mondlane alipoteza kibali chake Johannesburg na amani yake Lisbon, lakini hakuna askari wa mpakani aliyeweza kumpekua na kumnyang'anya hata moja kati ya hayo. Sisi tuliovuka mipaka tunajua ni vitu vingapi hubaki upande wa pili.

ALIVYOCHAGUA

Baada ya safari ile aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, kwani mtumishi wake hakuruhusiwa kufanya siasa, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Angeweza kubaki huko mpaka uzee, akiwa na mshahara mzuri na nyumba ya kulea watoto wake.

Tarehe 25 Juni 1962, jijini Dar es Salaam, vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana kuunda FRELIMO, na Mondlane akachaguliwa Rais wake. Mwaka 1963 aliacha kazi ya Syracuse, akahamia Dar es Salaam pamoja na mkewe na watoto.

Jambo la kutazama ni kwamba moja ya kazi zake za kwanza hapa ilikuwa shule. Mwaka huohuo wa 1963 ilianzishwa Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, ikiongozwa na Bi. Janet, kwa ajili ya vijana waliokimbia bila kumaliza masomo. Fedha za mwanzo zilitoka kwa shirika la Ford Foundation la Marekani, na baadaye ilisaidiwa na nchi za Ulaya ya Kaskazini kama Sweden. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na maelfu ya watu walivuka Mto Ruvuma na kupewa makazi ya wakimbizi sehemu kama Rutamba na Muhukuru. FRELIMO iliendesha shule ya msingi Tunduru, ikafundisha pia wauguzi. Wakimbizi walifundishwa na wakimbizi wenzao.

UGOMVI WA MWAKA 1968

Hatutakuwa wakweli tukiishia hapo. Mwaka 1968 Taasisi iliingia katika mgogoro mkubwa. Viongozi walitaka kila mwanafunzi awe tayari kwenda kutumika katika maeneo ya vita, kufundisha au kupigana, kabla ya kupelekwa masomo ya juu. Baadhi ya wanafunzi walikataa. Walisema waliosoma ni wachache, na nchi itawahitaji wakiwa hai. Walilalamika pia juu ya walimu Wazungu wenye asili ya Ureno. Fujo zilitokea mwezi Machi, shule ya sekondari ikafungwa, na wanafunzi wengi wakakimbilia Kenya. Mondlane alisikitishwa vilevile na wale waliopelekwa ng'ambo kusoma na wasitake kurudi.

Ugomvi huo unatugusa, maana kwa sura nyingine tunao hapa. Mtoto akichaguliwa kwenda chuo, ukoo mzima huanza kumhesabia madeni kabla hajapanda gari. Atajenga nyumba ya nani? Atasomesha wadogo wangapi? Na yeye akifika huko anaweza kuona heri asiandike barua tena. Kila upande humwona mwenzake ni mchoyo.

Sisi tunaona kwamba kijana kuogopa kufa si aibu, na kiongozi kudai utumishi si kosa. Lakini maisha ya Mondlane mwenyewe yanatufundisha jambo moja. Kurudi kwake kulikuwa na uzito kwa sababu alikuwa na pengine pa kubaki. Hakuna aliyempeleka Dar es Salaam kwa amri. Vivyo hivyo Josina Muthemba, baadaye Josina Machel, aliyefanya kazi katika Taasisi hiyo akiwa msichana mdogo. Alipewa nafasi ya kusoma Uswisi akaiacha kwa hiari yake ili ajiunge na mapambano. Alifariki mwaka 1971 akiwa na miaka 25. Aliyechagua hutoa kwa moyo. Aliyeshurutishwa hutafuta mlango wa nyuma.

Kwa hiyo elimu ya chuo kwanza ni ya yule anayesoma. Humfanya mtu kamili, mwenye akili yake na kauli yake. Jamii itafaidika, lakini kwa kuwa mtu huyo yupo na anatupenda, si kwa kuwa tulimkopesha. Atakayebaki mbali naye hajawa adui yetu.

KIFO CHAKE

Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alichukua barua na vifurushi vyake, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay, Dar es Salaam. Ndani ya kifurushi kimoja kulikuwa na kitabu kilichotegwa bomu. Alipokifungua kililipuka, naye akafa papo hapo akiwa na miaka 48. Mtu aliyependa vitabu aliuawa kwa kitabu. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwa waombolezaji, na baadaye mabaki yake yalihamishiwa Maputo.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wakati huo inakadiriwa kwamba katika kila watu 100 zaidi ya 90 hawakujua kusoma. Mwaka 1976 chuo kikuu ambacho Wareno walikianzisha mjini Lourenço Marques, na ambacho Waafrika wake walihesabika kwa vidole, kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Mpaka leo vijana wa Msumbiji husoma humo bila kuvuka mpaka wowote, jambo ambalo yeye hakulipata.

NENO LA KAMATI

Wazazi, tunaomba msipime chuo kwa kazi tu. Mtoto aliyesoma akikaa miaka miwili bila ajira, hajarudi mikono mitupu. Mtumieni. Aandike barua zenu na kuwasaidia wadogo zake masomo, na katika mikutano asimamie haki zenu kwa hoja. Na nafasi ikitokea kwa binti, apewe sawa na kaka yake.

Vijana, ufadhili wa vyuo kwa wakimbizi upo. Ule wa DAFI, unaobeba jina la Albert Einstein, naye mkimbizi, umekuwepo tangu mwaka 1992. Nafasi ni chache kuliko waombaji, na wengi watakosa. Atakayekosa mwaka huu aombe tena. Hifadhini vyeti vyenu pasipo mvua wala mchwa, mtengeneze nakala na kumwachia nakala moja mtu mnayemwamini. Someni lugha ambayo hamjaijua bado.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mnapopanga bajeti na kuamua kipi kipunguzwe, tunaomba mkumbuke kwamba Mondlane alikuwa mwanafunzi wa kusaidiwa kwa karibu maisha yake yote ya shule. Misheni ilimlipia, shirika likamlipia, chuo kikampokea akiwa na miaka 31 wakati wengine wangesema amechelewa. Katika kila hatua alikuwepo mtu mmoja ofisini aliyeweka sahihi.

Tunawatakia wote maadhimisho mema ya tarehe 20 Juni.

Kamati ya Jamii ya Kambi